Boti ya jodari au deli la barafu? Jibu kwa mkaanga samaki wa Ngamiani

Swali la safari hii limetoka hapa hapa Tanga. Nalinukuu kwa kifupi:

"Shikamoo mzee. Mimi ni mkaanga samaki, meza yangu iko Ngamiani. Kila nikiwasha redio nasikia uvuvi wa kibiashara, mara samaki wetu wanauzwa Ulaya, mara Uchina. Lakini alfajiri nikifika soko la Deep Sea naona mashua na ngalawa zilezile alizoziona mama yangu. Hao samaki wa kibiashara wanavuliwa wapi, na nani, na ni samaki gani hasa? Nauliza kwa sababu tuko wanawake sita, tuna akiba yetu ya kikoba, na mwenzetu mmoja ameshikilia tununue boti na injini tukavue jodari. Unatushauri nini?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na la mwisho, maana ndilo lenye pesa zenu ndani: boti msinunue. Si mwaka huu, na si ya jodari. Sababu nitazifikia, lakini siwezi kuzieleza kabla sijakujibu lile la mwanzo. Mwenzenu hajakosea kutaka biashara kubwa. Amekosea samaki.

Kwanza ondoa macho baharini. Najua ni kazi ngumu kwa mtu wa Tanga. Sisi wa pwani tumekua tukiamini kwamba samaki ni wetu na watu wa bara ni wa nyama na mchicha. Hesabu zinatukataa. Tanzania Bara huvua zaidi ya tani 350,000 za samaki kwa mwaka, na zaidi ya asilimia 80 ya hao ni wa maji baridi: Ziwa Victoria kwanza, kisha Tanganyika, kisha Nyasa, na nyuma yao mabwawa kama Mtera na Nyumba ya Mungu. Bahari nzima, kuanzia Jasini mpakani na Kenya hadi mdomo wa Ruvuma, pwani ya kilomita zaidi ya 1,400, inagawana kilichobaki.

Inakuwaje bahari ishindwe na ziwa? Samaki wanafuata chakula, na chakula cha majini huanzia pale mwanga wa jua unapokutana na mbolea. Ziwa Victoria ni sahani pana: kina chake kwa wastani ni mita 40 hivi. Mbolea haiko mbali na jua. Huku kwetu, ukitoka nje ya miamba kidogo tu sakafu inaporomoka. Mkondo wa Pemba, ule unaouona ukisimama Raskazone ukatazama mashariki, una kina kinachopita mita 800. Jua liko juu, mbolea imelala chini gizani, na maji ya moto ya juu yamekaa kama kifuniko. Nchi kama Namibia na Peru zina bahari inayopandisha maji baridi ya chini pamoja na mbolea yake, ndiyo maana Namibia wanavua kwa malaki ya tani na Peru kwa mamilioni. Sisi Mungu alitupa maji mazuri ya kuogelea.

Sasa huyo samaki anayetajwa redioni kila leo ni sangara. Nilifanya ukaguzi wa samaki Mwanza miaka kadhaa kabla ya kurudi pwani kufundisha, kwa hiyo huyu namjua hadi ndani ya matamvua. Si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Alipandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, enzi za mkoloni, akatulia miaka mingi kana kwamba hayupo, halafu miaka ya 1980 akafumka. Aliwala furu, wale samaki wadogo waliokuwa na aina mamia, na nyingine hazijaonekana tena. Wanasayansi wanalalamika mpaka leo, na wana haki. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 vikajengwa viwanda vya minofu Mwanza, Musoma na Bukoba, na sangara akaanza kupanda ndege kwenda Ulaya. Minofu inaondoka, kichwa na mgongo vinabaki, ndiyo mapanki yanayokaangwa mitaani kule, wenzako wa kazi moja wanajua. Na bondo lake, lile puto la ndani ambalo zamani lilitupwa, linakwenda Hong Kong na Uchina kwa bei ya kilo inayoiacha minofu mbali.

Hapa ndipo nataka usimame kidogo. Huyo sangara wa Ulaya havuliwi na meli. Meli za kukokota nyavu zilipigwa marufuku ziwani siku nyingi. Anavuliwa na mitumbwi ya mbao, watu watatu au wanne ndani, injini moja ya nyuma, na mingine inakwenda kwa tanga. Wavu wa kutega, au kamba ndefu yenye ndoano. Ukiichukua mitumbwi ile ukaileta Sahare, ufukwe wetu hapa Tanga, hakuna mtu atakayegeuza shingo kuitazama. Ni zilezile za mama yako.

Tofauti iko kwenye chombo cha pili. Kule kuna boti za wakusanyaji, tumbo lote ni sanduku la barafu. Boti hiyo haivui hata dagaa mmoja. Inazunguka visiwani na kwenye kambi za wavuvi, inapima, inalipa, inafukia samaki kwenye barafu, inarudi mjini. Mlangoni kwa kiwanda nilikuwa nasimama mimi na kipimajoto. Samaki mbichi wa kusafirishwa anatakiwa akae kwenye joto la barafu inayoyeyuka, yaani karibu na nyuzi 0, na hapo hapakuwa na undugu. Nimeona mtu analeta sangara mwenye macho maangavu, mrefu kuliko mtoto wa darasa la kwanza, anarudishwa naye kwa sababu alichelewa saa chache juani. Mwenye samaki alinitukana kwa Kisukuma kwa muda mrefu sana.

Ukali ule haukuja bure. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya taarifa kwamba kuna watu wanavua kwa sumu. Viwanda vikasimama, watu wakarudi makwao. Tangu hapo ndipo ukaguzi ukawa ukaguzi, na maabara ya samaki ya Nyegezi, Mwanza, ikawa neno ambalo kila msafirishaji analitaja kwa heshima au kwa hofu. Kwa hiyo ukiniuliza biashara ya samaki ya nchi hii imesimama juu ya nini, sitakuambia nyavu wala injini. Mitumbwi tunayo pande zote. Barafu wanayo wao.

Nyuma ya sangara yuko dagaa, na kwa uzito huyu ndiye anayeshibisha nchi. Dagaa wa Victoria, na yule wa Kigoma ambaye hata watu wa Tanga wanaojidai wa bahari humnunua sokoni kimyakimya kwa sababu ni mtamu. Huvuliwa usiku kwa taa, huanikwa, hufungwa kwenye magunia na kuvuka mipaka kwenda Kongo, Rwanda, Zambia. Ziwa Tanganyika lina pia migebuka, anayefuata dagaa kama mbwa anavyofuata mchinjaji. Kule walivua hadi samaki wakapungua. Mwaka 2024 nchi zote 4 zinazolizunguka ziwa lile zikakubaliana kusimamisha uvuvi miezi 3, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapumue. Nyasa nalipita haraka, si kwa dharau, ila biashara yake haifiki huku.

Turudi baharini basi, kwa jodari wa mwenzenu.

Kuna kichekesho ambacho sijui kama umewahi kukifikiria. Soko letu linaitwa Deep Sea, jina la Kizungu lenye maana ya bahari kuu, na samaki wa bahari kuu ndio nadra kuliko wote pale. Unaowanunua ni changu, tasi, pono, vibua, kolekole, nguru akipatikana: samaki wa miamba na wa karibu. Kisheria bahari yetu ni mikanda miwili. Wa kwanza unafika maili 12 za baharini kutoka pwani, ndio wa wavuvi wetu. Wa pili unakwenda hadi maili 200, na huko ndiko anakopita jodari kwa makundi. Huo unasimamiwa na Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, yenye makao Fumba, Unguja, na ni chombo cha Muungano, maana uvuvi wa kawaida Zanzibar wana wizara yao na Bara wana yao, lakini jodari hana habari na mipaka yetu.

Wanaomvua huko kwa wingi ni wageni. Meli za nyavu kubwa za kuzungushia, nyingi za Wahispania na Wafaransa, na meli za kamba ndefu zenye maelfu ya ndoano kutoka nchi za Asia. Wanalipa leseni, wanavua, wanagandisha humo humo melini, kisha wanapakua Shelisheli, Mombasa au Morisi. Kwetu inabaki ada. Ukubwa wa jambo hili Watanzania wengi waliuona mara moja tu kwa macho: mwaka 2009 ilipokamatwa meli ya Tawariq 1 ikivua bila kibali katika maji yetu, imebeba karibu tani 300 za samaki, wengi wao jodari. Waziri wa uvuvi wakati ule alikuwa John Magufuli, na samaki wale wakaitwa samaki wa Magufuli hadi leo. Kesi ilikuja kuharibika mahakamani, hilo nawaachia wanasheria. Mimi nilichoka na zile tani 300. Tumbo la meli moja, safari moja. Pima na mashua ya Kigombe inayorudi na jodari wanne.

Kwa nini hawapakui kwetu? Kwa sababu meli ya namna ile inataka gati lenye kina, mafuta, maji, vyumba vya baridi vya kumeza mamia ya tani kwa siku, na mnunuzi anayesubiri. Serikali iliwahi kuwa na shirika lake la uvuvi, TAFICO, tangu 1974. Likafa katika miaka ya 1990, na katika miaka ya karibuni limefufuliwa. Kilwa Masoko nako ulianza ujenzi wa bandari ya uvuvi, jiwe la msingi liliwekwa 2023. Naitakia heri kwa moyo wote. Lakini hata ikikamilika haitawafanya wanawake 6 wa Ngamiani kuwa na meli.

Usinielewe vibaya, jodari wa Mkondo wa Pemba yupo, na kuna manahodha hapa Tanga wanaomjua kama wanavyojua nyumba zao. Wanamfuata kwa mshipi na kwa jarife, ule wavu mkubwa wa kutega, wakimpata wanampata hasa. Tatizo ni siku asipopatikana, na hizo ni nyingi. Mafuta yameungua, posho ya mabaharia imeliwa, kusi imechafua bahari kuanzia Mei hadi Septemba. Baharini mgao haujui kikoba: kwanza yanatolewa mafuta na chakula, halafu kinachobaki kinagawanywa baina ya chombo, nyavu na watu. Pasipobaki kitu, baharia anakwenda nyumbani mikono mitupu na mwenye chombo anabaki na deni la injini. Na mwenye chombo ambaye haendi baharini hajui kilichouzwa huko kwenye maji kabla ya kufika diko, pale ufukweni pa kushushia samaki. Sisemi watu wetu ni wezi. Nasema nyinyi ni 6 na hakuna hata mmoja anayekwenda kulala baharini, na wahenga walishasema manahodha wengi chombo huenda mrama.

(Kwa kuwa nimetaja jarife: lile linalotegwa kwenye kina kirefu hapa Tanga ndilo lililomtoa silikanti, samaki ambaye dunia ilidhani ametoweka pamoja na madinosaria. Kuanzia 2004 wavuvi wa Kigombe na vijiji jirani wamewatoa wengi, na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti kati ya hapa na Pangani. Wageni wanakuja na kamera. Mkaanga samaki hana la kufanya naye: nyama imejaa mafuta yasiyolika, na ni marufuku kumvua.)

Sasa yupi basi samaki wa kibiashara wa pwani, anayevuliwa na watu wetu na kufika mbali? Kwa hesabu yangu ni watatu, na hakuna hata mmoja ambaye mwenzenu angemfikiria.

Wa kwanza ni pweza. Siku za bamvua, maji yanapokupwa mpaka miamba inaachwa wazi, utaona wanawake na vijana wanashuka na mchokoo begani. Hawaangalii pweza, wanaangalia uchafu: magamba ya kaa na chaza yaliyotupwa mbele ya tundu, kwa sababu pweza ni mlaji asiyefagia mlangoni kwake. Wanachokoa, anashika fimbo kwa hasira, anatolewa. Mwanamke yule akifika nchi kavu wakala wa kiwanda anamngojea na mizani, na pweza wake atagandishwa hapa Tanga au Dar es Salaam, avuke bahari hadi Italia, Hispania au Ureno. Huyo ndiye mfanyabiashara wa kimataifa, amelowa mpaka kiunoni na hana hata ngalawa.

Sheria inataka pweza asiyepungua gramu 500. Ukienda diko lolote utaona inavyovunjwa. Mdogo haendi kiwandani, anaishia kwenye sufuria ya supu ya jioni, ile wanaume wanayoinywa kwa matumaini. Ni hasara tupu, kwa sababu pweza wetu anaishi mwaka mmoja na kitu tu, na katika muda huo anaongezeka uzito upesi sana. Vijiji vya Mafia, Songosongo na Pemba vimejaribu kufunga sehemu ya miamba kwa miezi michache kisha kuifungua kwa siku maalumu, wanatoa pweza wakubwa. Jike akishataga hulinda mayai bila kula, yakianguliwa anakufa. Kwa hiyo kumwacha milele nako si akili. Kinachotakiwa ni subira ya miezi, na subira ya miezi kwa mtu mwenye njaa leo ni kitu kigumu, simhukumu mtu.

Wa pili kamba, huyu wa kuliwa, na hapa makao yake makuu ni jirani zetu wa Bagamoyo na Saadani, na chini zaidi delta ya Rufiji. Kamba wanataka mikoko na maji ya mito; Wami na Ruvu ndizo zinazolisha Bagamoyo. Nilipokuwa nafundisha chuo cha uvuvi cha Mbegani, usiku ungeweza kuhesabu taa za meli za kukokota kutoka ufukweni. Zilikuwa zinaleta fedha za kigeni, ni kweli, lakini kwa kila kilo ya kamba wavu ule unazoa kilo kadhaa za samaki wengine, wengi wachanga, na wavuvi wa mashua walikuwa wanaamka wanakuta nyavu zao zimepitiwa na kuchanwa. Kamba wakazidi kupungua, mpaka uvuvi wa meli ukasimamishwa mwishoni mwa 2007. Waliobaki wakawa wa mitumbwi. Kamba wa Bagamoyo sasa anakwenda zaidi kwenye hoteli, bei yake nzuri, ila anaoza ukimtazama. Bila barafu tangu kwenye mtumbwi, kichwa kinaanza kuwa cheusi kabla hujapata mteja.

Wa tatu ndiye wenu: samaki wa ringi neti, ule wavu wa kuzungushia. Dagaa na vibua.

Njoo nikuonyeshe Sahare usiku wa giza, maana mbalamwezi hawatoki; mwezi ukiwaka taa haina kazi, na kwa siku kama 10 za kila mwezi nyavu zinashonwa na watu wanalala na wake zao. Giza likirudi, boti zinatoka wakati wa magharibi. Huko nje chombo kidogo chenye taa kinakaa peke yake, kimya, dagaa wanapanda kuifuata taa kama kumbikumbi. Nahodha anatazama maji. Akiridhika, wavu unazungushwa, kamba ya chini inavutwa, mfuko unafungwa, na yote haya mtu mmoja akikosea usiku umekwisha. Alfajiri zinarudi zimezama hadi ukingoni. Wachukuzi wanaingia majini na ndoo kichwani, maji ya samaki yanawachuruzika usoni. Dalali anapaza sauti, bei inatajwa kwa ndoo, na inashuka waziwazi kadiri jua linavyopanda. Saa 12 ndoo ina bei yake. Saa 3 ndoo ileile ina bei nyingine, na aliyekuwa anaringa anabembeleza.

Dagaa wanaokwenda mbali wanachemshwa palepale kwenye maji ya chumvi, dakika chache, wanamwagwa kwenye chanja, wanageuzwa. Jua likiwa zuri, jioni wamekauka. Wanunuzi wanawafunga magunia kuelekea bara na Kongo. Mvua za masika zikikukuta na dagaa kwenye chanja, umepata chakula cha kuku.

Mbona namweka huyu juu ya jodari? Kwa sababu yupo karibu kila giza, anavuliwa na vyombo vya kwetu, na hasara yake haiko baharini. Iko pale mchangani, kati ya saa 12 na saa 3. Hiyo ndiyo sehemu ambayo watu 6 wenye akiba wanaweza kuinunua.

Wewe ni mkaangaji, kwa hiyo nikuambie jambo la vibua ambalo linakuhusu kuliko mtu yeyote. Vibua, nguru, jodari na jamaa zao wakikaa kwenye joto hutengeneza sumu iitwayo histamini. Haina harufu ya kuaminika, na moto hauiondoi. Ukaange mpaka awe mkavu kama ukuni, sumu ipo palepale. Mteja anakula, kabla ya saa kupita uso unamwiva, kichwa kinagonga, mwili unawasha, anasema ana mzio wa samaki. Kumbe ni samaki aliyeanikwa juani bila mtu kukusudia. Mimi mwenyewe, mkaguzi mwenye kipimajoto mfukoni, niliwahi kula vibua vya mchana kwenye kibanda kimoja kwa ajili ya njaa ya safari, nikapanda basi uso umevimba kama boga. Kinga ya histamini ni moja, na haiko jikoni kwako: baridi tangu samaki anapokata roho.

Kwa hali ya joto letu hesabu ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Watu wakisikia hivyo wanaguna, wanaweka kidogo juu kama wanapamba keki. Barafu inapasuliwa ndogondogo, inatangulia chini, samaki, barafu, samaki, inamalizia barafu, na deli liwe na tundu la kutolea maji, kwa sababu samaki akiogelea kwenye maji ya damu yake anaharibika na baridi yake yote. Usinunue bonge moja la barafu ukaliweka katikati ukafunga kifuniko. Samaki wa pembeni hatajua kama kuna barafu.

Na ukinunua, mpasue mmoja mbele ya muuzaji. Hapa Tanga ugonjwa wa baruti tumeupigania miaka mingi na haujatuacha kabisa. Samaki wa baruti kwa nje anaweza kuwa mzuri wa kung'aa. Ndani damu imevilia kando ya uti wa mgongo, mifupa imeachana na nyama, puto limepasuka, na ukimbonyeza hana ukakamavu. Anaoza upesi, na bomu lililomuua limeua pia mwamba ambao ungewalea wengine. Mwache huko huko, hata akiwa nusu bei, na mwenye kumleta amwone kila mkaangaji anapita.

Basi kwa akiba yenu ningefanya hivi. Madeli mawili makubwa, yenye kuta nene, si yale ya soda za harusini. Mjue barafu mtaitoa wapi, kwa nani, saa ngapi, na umeme ukikatika mtafanya nini. Hilo mlilimalize kabla ya kununua chochote, maana nimeona vikundi vina friza mpya na havina mpango wa siku umeme haupo. Kisha mtafute nahodha mmoja wa ringi neti, mmoja tu, mwenye sifa ya kutobaruti na kutodanganya ndoo, mkubaliane kwamba mtachukua vibua vyake vya kwanza kutoka kwenye wavu, kwa fedha taslimu, na kwamba barafu yenu itatoka naye magharibi. Atakubali, kwa sababu nyinyi mtalipa bei ya saa 12 hata jua likiwa limepanda. Na mkifika halmashauri ulizieni leseni ya kufanya biashara ya samaki kabla afisa hajaiulizia yeye.

Samaki hao msiwapeleke wote kwenye kaango. Vibua viwili vya barafu, vigumu, macho yametuna, vitapata mteja Muheza, Korogwe, Lushoto, ambako wanachokipata sasa kimeshachoka njiani. Hapo ndipo mtaanza kuona pesa ambayo redio inaizungumzia. Baada ya misimu miwili, kaskazi moja na kusi moja, mkiwa na daftari linaloonyesha kila ndoo, mnaweza kuniandikia tena kuhusu boti, na nitalisoma daftari kabla ya barua.

Mwenzenu wa jodari msimkemee. Mpeni kazi ya kumtafuta nahodha. Mtu anayetamani bahari kiasi hicho ndiye atakayeamka saa 10 usiku bila kusukumwa. Giza lijalo mimi nitakuwa Sahare, upande wanaoshushia dagaa, nimevaa kofia ya ukindu na kipimajoto changu cha zamani shingoni. Njooni na deli moja, na mje na barafu ndani yake.